Namba imehama, simu imekataa

SWALI

Assalaam alaykum, Fundi. Mimi ni mwalimu, nakaa Wete. Miaka miwili nyuma nilinunua simu janja Chake Chake kwenye duka la mtandao mmoja. Ilikuwa ofa, bei yake chini kuliko ya madukani. Mwaka huu nimehamishiwa skuli ya upande wa Makangale, na huko ule mtandao unashika kwa tabu, mpaka utoke nje ukasimame chini ya mwembe. Nikahamia mtandao mwengine bila kubadili namba. Laini mpya nikiiweka kwenye simu ya mume wangu inafanya kazi. Nikiiweka kwenye yangu kinakuja kibao cha Kiingereza, "SIM network unlock PIN", na pahala pa kuandika namba. Nimejaribu namba tatu nilizozipata mtandaoni, zote zimekataa. Fundi mmoja hapa Wete anasema nimuachie simu usiku mmoja, ataiflashi kwa Sh 45,000. Ndani mna picha za marehemu mama yangu, sijaziweka pengine. Nimuachie? Na mbona namba imehama vizuri, simu ikakataa?

JIBU

Waalaykumu ssalaam, Mwalimu. Mwenyezi Mungu amrehemu mama. Nianze na mawili ya haraka, maelezo yatafuata. Usiandike tena namba yoyote kwenye kile kibao, iwe ya kubahatisha au uliyopewa na mtu. Na simu usimuachie yeyote mpaka picha za mama ziwe zimeshahifadhiwa pahala pengine. Simu yako haijaharibika. Imefungwa ipokee laini za kampuni iliyokuuzia tu, ufunguo wake upo, na huenda ukaupata bila kuzitoa zile 45,000.

Umeuliza mbona namba imehama na simu ikakataa. Hapo wengi wanapotea, kwa sababu vitu vitatu tofauti sote tunaviita "namba". Ya kwanza ni namba wanayokupigia ndugu zako na wazazi wa wanafunzi. Hiyo, tangu Machi 2017, mtu anaruhusiwa kutoka nayo mtandao mmoja akaenda nayo mwengine, na ndiyo uliyoihamisha. Ya pili imo ndani ya laini yenyewe, hujawahi kuiona. Ni tarakimu zinazoitambulisha laini kwa mitambo. Tatu za mwanzo ni za nchi, na laini zote za Tanzania, ziwe za Unguja, Pemba au bara, zinaanza na 640. Mbili zinazofuata ni za kampuni: 04 ni Vodacom, 05 ni Airtel, 09 ni Halotel, 07 ni TTCL, 02 ni iliyokuwa Tigo na sasa inaitwa Yas. Zantel, iliyozaliwa hapa Zanzibar 1999, ilipewa 03. Ya tatu ni namba ya kifaa, IMEI, tarakimu 15 ambazo simu inatoka nazo kiwandani.

Ulipohama, ulihama na ile ya kwanza tu. Laini uliyokabidhiwa ni mpya, na tarakimu zake za ndani ni za kampuni mpya. Simu yako haiijui namba yako. Ingekuwa hata inaanza na 0777, ambayo mtu wa Unguja akiiona tu anakwambia hiyo ni Zantel, simu haishughuliki nayo. Inasoma zile tarakimu tano. Iliagizwa tangu mwanzo: ukiona 640 na mbili hizi, pokea, ukiona nyengine, kataa na udai ufunguo. Ni sawa na bawabu aliyeambiwa asimpitishe mtu ila mwenye kofia ya aina moja. Umemjia wewe yule yule, kwa jina lile lile, lakini kofia umebadilisha.

Kampuni inaifunga simu kwa sababu ya ile ofa. Imekupunguzia bei ikitaraji utanunua vocha na bando zake kwa muda, na kufuli ni dhamana yake. Biashara hiyo siipingi. Ninachokipinga, na nimekisema mbele ya wauzaji wenyewe, ni mtu kutoka dukani bila kuambiwa. Simu inauzwa kwa maneno ya bei na kamera, habari ya kufuli imo kwenye karatasi ya maandishi madogo ndani ya boksi, tena kwa Kiingereza. Mnunuzi anakuja kulijua miaka miwili baadaye, yuko Makangale, na saa za darasa zimefika.

Sasa hizo namba za mtandaoni. Zina asili yake, hazikuzuka tu. Zile modemu za Huawei za kuchomeka kwenye kompyuta, zilizokuwa zimejaa maofisini, ufunguo wake ulipatikana kwa hesabu kutoka kwenye IMEI. Unaingiza IMEI kwenye programu ndogo, namba inatoka. Nimefungua nyingi kwa njia hiyo, na Nokia nyingi za zamani nazo zilikuwa hivyo hivyo. Simu za siku hizi kwa kawaida haziendi kwa hesabu. Kila simu ina ufunguo wake peke yake usiofuata mpango wowote, umeandikwa kwenye kumbukumbu za kiwanda, na kampuni iliyoagiza simu hizo ndiyo inayopewa. Kwa hiyo namba iliyofungua simu ya mwenzako haifungui yako, hata zikiwa za aina moja na zimenunuliwa siku moja. Anayekwambia anayo namba moja inayofungua simu zote anakupotezea bahati zako.

Nasema bahati kwa sababu simu inahesabu makosa. Nyingi zinakupa kati ya mara 5 na 10, nyengine pungufu ya hapo. Wewe umeshatumia tatu. Kuweka laini na kuitoa hakuhesabiwi. Kinachohesabiwa ni kuandika namba na kubonyeza. Nakumbuka simu ya mzee mmoja mvuvi wa Nungwi. Mjukuu wake alikesha nayo akijaribu namba moja baada ya nyengine. Ilipofika mezani kwangu, chini ya kibao palikuwa na tarakimu moja tu: 0. Siku nne baadaye kampuni ikampa namba ya kweli. Tukaiandika polepole, yeye akisoma, mimi nikibonyeza, na simu ikaikataa, kwani ilikuwa imeshaganda na haipokei tena ufunguo. Simu ikishafika hapo inataka namba mbili, moja ya kuigandua na moja ya kuifungua, na ile ya kuigandua hakuipata. Akabaki nayo ya kusikilizia Kurani.

Tuje kwa fundi wako. Simjui, na sitaki kumvunjia heshima. Pemba ina mafundi wazuri, wengine nimewafundisha na wengine wamenifundisha. Lakini neno "kuflashi" hapa linanitia wasiwasi. Kuflashi ni kuifuta programu ya simu na kuipandishia nyengine. Kwa simu iliyokwama kwenye nembo haiwaki, ni dawa. Kwa kufuli la mtandao aghalabu haifui dafu, kwa sababu kufuli halikai humo. Linakaa kwenye sehemu ndogo ya kumbukumbu pamoja na IMEI na vipimo vya redio ya simu. Anayejua anaingia hapo kwa vifaa maalumu, akishaweka nakala ya kila kitu. Asiyejua anaingia kwa kupapasa.

Dada mmoja anayeuza mabaibui Darajani aliniletea simu iliyokwishapita kwa fundi wa kupapasa. Kufuli limeondoka kweli, kibao hakiji tena. Lakini alama za mtandao pale juu hazikuwapo, laini yoyote utakayoweka, hata ya kampuni ya mwanzo. Nikabonyeza *#06#. Pahala pa IMEI zikatoka sifuri tupu. Simu imepoteza jina lake, na mitambo haiipokei. Alikuwa amelipa ili atumie laini mbili, akawa hana hata moja. Picha na majina ya wateja wake yalifutika siku ile ile, maana kuflashi kwa kawaida kunasafisha simu nzima.

Na kuna jengine linalokuja nyuma yake. Simu nyingi za Android, tangu toleo la 5.1, zikifutwa bila kupitia mipangilio zinadai barua pepe na neno la siri la akaunti ya Google iliyokuwamo. Wangapi tunalikumbuka hilo neno? Akaunti ilifunguliwa dukani na kijana muuzaji, neno la siri alilitunga yeye, akaliandika kwenye kipande cha risiti. Kwa hiyo mtu anakwenda na kufuli moja, anarudi na mawili.

Jibu langu basi ni hapana, usimuachie kwa kazi hiyo. Fanya hivi.

Kwanza picha. Simu iliyokataa laini bado ni simu nzima kwa mambo mengine: Wi-Fi inashika, kamera inapiga, kebo inasoma. Kama skuli au jamaa ana kompyuta, chomeka kwa kebo, nakili folda yote ya picha, na ile ya WhatsApp pia, kwani picha nyingi za wazee wetu zimo humo, zilitumwa na ndugu. Kama hakuna kompyuta, mume wako awashe hotspoti kwenye simu yake, nawe uzipandishe kwenye akaunti yako ya Google. Ukimaliza usiamini maneno ya "imekamilika". Zifungue kwenye kifaa kingine, moja ya mwanzo, moja ya katikati, moja ya mwisho. Kufungua simu kwa namba halisi hakufuti chochote, lakini picha za mama zisikae pahala pamoja tu, leo wala kesho.

Halafu kajihakikishie akaunti ya Google. Ingia kwenye mipangilio, tazama ni barua pepe ipi, na kama neno la siri hulijui, libadilishe sasa hivi ukiwa bado umo ndani.

Kisha bonyeza *#06#. Zitatoka tarakimu 15, na kama simu ni ya laini mbili zitatoka safu mbili. Ziandike kwenye daftari kwa kalamu ya wino na uzilinganishe na zilizo kwenye boksi la simu. Zikiwa hazilingani, niandikie tena kabla ya kwenda popote.

Kwa kupata ufunguo, nenda mwenyewe kwenye lile duka la Chake Chake, au mtume mumeo akiwa na kitambulisho chako. Usipige 100. Kampuni zote zinatumia 100 kwa huduma kwa wateja, na wewe ukiipiga sasa itakupeleka kwa kampuni yako mpya, na wao ufunguo wa simu ya mwenzao hawana. Chukua simu, boksi, risiti na kitambulisho. Risiti ikiwa imepotea chukua boksi, kwani IMEI iliyo juu yake ndiyo wanayoitafuta kwenye kumbukumbu zao. Sema kwa ufupi: "Simu hii nimeinunua hapa, nimeilipa yote, naomba namba ya kuifungua itumie laini yoyote." Wa kaunta huenda asielewe, atakwambia laini ina kasoro. Usibishane naye, muombe msimamizi. Ombi wataliandika na kulipeleka makao makuu, nawe usiondoke bila jina la aliyepokea, tarehe, na namba ya ombi.

Ukiwa hapo hapo, ulizia pesa zako. Salio la pesa za simu kwenye kampuni ya zamani haliendi na namba, na walimu wengi nimewaona wakilikumbuka mshahara unapotaka kuingia. Kama ulikuwa na vocha ya kukopa, lipa, wasipate cha kukuzungusha nacho.

Wakikwambia hawatoi namba, waombe waandike hivyo. Malalamiko yanaanzia kwa kampuni, kwa maandishi, na yakikwama yanakwenda TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, yenye ofisi hapa Zanzibar. Mawasiliano ni jambo la Muungano, kwa hiyo mwalimu wa Makangale na mkaazi wa Dar es Salaam mlango wao ni mmoja. Wengi wanadhani kwenda TCRA ni kesi. Ni barua tu, na nakala ya yale majibu uliyopewa dukani.

Namba ikija, aghalabu ni tarakimu 8, nyengine hufika 16. Simu iwe na chaji. Weka laini mpya, kibao kitakuja, mmoja asome na mwengine abonyeze, kisha msome tena kutoka mwisho kwenda mwanzo kabla ya kuthibitisha. Ikikataa, simama hapo hapo. Usirudie. Rudi na IMEI uone kama waliiandika sawasawa kwenye ombi, maana tarakimu moja ikikosewa unaletewa ufunguo wa simu ya mtu mwengine.

Kampuni ikishindwa kabisa, hapo ndipo pa fundi, lakini fundi wa namna nyengine. Wapo wanaochukua IMEI yako, wakaiagiza namba kwa wenye kumbukumbu za viwanda, na baada ya siku kadhaa wakakupa tarakimu uziandike mwenyewe. Huyo hahitaji kulala na simu yako. Lipa namba ikishafungua, si kabla. Fundi wa boksi na kebo, yaani vile vifaa maalumu vya kuingia ndani ya simu, mkubali tu kama yuko tayari kufanya kazi mbele yako, na awe amekuonyesha nakala aliyoweka kabla ya kugusa kitu. Na mtu yeyote akikwambia ataiwekea simu yako IMEI nyengine, chukua simu yako uondoke. Kuibadilisha namba hiyo ni kosa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010, na mwenye simu naye huenda akabeba matokeo.

Kwa siku hizi za kusubiri, iweke laini mpya kwenye simu ndogo ya tochi kwa kupigia na kwa pesa, na simu janja ipe intaneti kwa hotspoti ya mume wako. WhatsApp yako itaendelea, kwa sababu namba ni ile ile. Kama simu yako ni ya laini mbili, jaribu ile laini mpya kwenye tundu la pili. Baadhi ya simu za ofa zimefungwa tundu la kwanza tu, na zinakubali laini yoyote kwenye la pili mradi la kwanza lina laini ya mwenye ofa. Ikiwa ni hivyo, laini nyengine ya kampuni ya zamani, iliyosajiliwa kwa kidole chako, itakuvusha.

Kuna watakaoisoma barua yako wakadhani na yao ni hiyo hiyo, na sivyo. Simu ya mkopo, ile ya kulipa kwa siku au kwa wiki, kufuli lake ni la deni. Namba ya mtandao hailigusi; linaondoka ukilipa. Simu iliyoripotiwa kuibiwa nayo ni habari mbali, na ukinunua simu ya mkononi mwa mtu, tuma IMEI kwenda 15090 kabla hujatoa pesa, ujibiwe ni simu ya aina gani. Jibu likisema aina nyengine na uliyoishika mkononi, irudishe. Mfumo huo ndio uliozima simu bandia nchi nzima Juni 2016, na nyingi zilizimikia mikononi mwa watu wasiojua walichokinunua.

Na nyumba nyingi za Zanzibar zina mtu ng'ambo anayeleta simu. Uingereza ilipiga marufuku kuuza simu zilizofungwa Desemba 2021, Kanada imekuwa hivyo tangu Desemba 2017, na Japani tangu Oktoba 2021. Simu mpya za huko hazisumbui. Marekani bado wanafunga, na kampuni ya huko hulegeza pale deni la simu linapokwisha na masharti yake yanapotimia, tena ombi anatakiwa alifanye mwenye akaunti. Basi mwambie ndugu yako aifungue kabla haijapanda ndege; ikishatua Karume, kazi hiyo huwa nzito mara kumi. iPhone haina namba ya kuandika: kampuni inaruhusu kwenye kumbukumbu za Apple, na simu inafunguka ikipata intaneti. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya jumla, halafu kuhusu. Ukiona "No SIM restrictions" iko huru.

Turudi kwako, Mwalimu. Siku utakayoifungua, baada ya laini mpya kushika, bonyeza *#06# mara nyengine na uzilinganishe tarakimu na zile za kwenye daftari. Zikiwa zile zile, hakuna kilichoguswa. Lakini hiyo ni kazi ya wiki ijayo. Ya leo usiku ni picha za mama: mwambie mume wako awashe hotspoti, na zianze kupanda kabla hujapanga safari ya Chake.